Kaza kwa Zambia, Legeza kwa Mbeya

Mmeniuliza, vijana, kwa nini kila nikipita gerejini kwenu hapa Chapwa nasimama kwanza kutazama pua ya gari imeelekea wapi, kabla hata sijaitikia shikamoo zenu. Mmoja wenu alisema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Huyo nimemsamehe, maana hata mimi kuna asubuhi naamka na wasiwasi huo huo. Lakini hili la pua ya gari si uzee. Ni kosa nililolifanya nikiwa na akili zangu timamu, na mtu mmoja wa Ibaba akalilipia kwa mguu wake, na kwa jina lake, na jina ndilo lililomuuma zaidi. Niliwaahidi nitaandika. Basi nimekaa, mgongo unauma, miwani nimeazima kwa mke wangu, mvumilie mwandiko.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Shabani, mtu wa Tanga aliyefika Tunduma akiwa taniboi wa lori. Lori likafia hapa, mwenye lori akalitelekeza, naye Shabani akabaki nalo kama mjane na marehemu. Akalifungua kipande kipande mpaka akajua kila kitu kilichomo. Gereji yake ilianzia kwenye lori hilo, kandokando ya barabara kuu, na mimi, Mnyiha wa Ihanda niliyekuja kutafuta kibarua cha kupakia mizigo, nikajikuta nimeshika spana.

Shabani alikuwa na ugomvi na maneno mawili: kulia na kushoto. Alisema kulia kwa aliyesimama si kulia kwa aliyelala chini ya gari, na aliponyoosha mkono kutuonyesha, tuliona kidole kimoja ni kifupi. Kuna mtu alimwambia "kushoto". Tangu siku hiyo akaweka sheria: gari lolote likiingia kwake, pua itazame mpakani. Na maelekezo yote yakawa mawili tu, Zambia na Mbeya.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ninyi mmezoea magari madogo ambayo nati zote hukazwa upande mmoja. Malori ya zamani hayakuwa hivyo. Nati za upande wa dereva zilikuwa za kawaida, lakini za upande wa pili zilikuwa na nyuzi za kushoto, unazikaza kwa kuzungusha kinyume. Walizichonga hivyo ili tairi likizunguka kwenda mbele lisizifungue. Mwanafunzi mgeni alikuwa anaweza kukata stadi tatu, vile vyuma nati zinamofungwa, kwa siku, akidhani analegeza kumbe anakaza. Kwa Shabani ulijifunza jambo hilo asubuhi moja. Mpini wa spana ukiwa juu, uwe upande wowote wa lori, ukiusukuma kuelekea pua ya gari unakaza, ukiuvuta kuelekea nyuma unalegeza. Na pua ikiwa imetazama mpakani, basi kaza kwa Zambia, legeza kwa Mbeya. Gari dogo hakuligusa. Alisema hilo ni la mafundi wa saa.

Siku moja askari aliyekuwa anapita alimsikia Shabani akipiga kelele, "Hizo sita zote peleka Zambia, na ile ya mwisho ipeleke taratibu!" Alisimama, akaingia, akataka kuziona hizo sita. Shabani akamwonyesha nati. Askari akauliza zina thamani gani hadi zivushwe mpaka. Tulicheka mpaka Shabani akatukataza, kwa sababu yule askari alikuwa bado amekunja uso.

Mimi nilikosea mara nyingi kwa Shabani, na makosa mengine napenda kuyasimulia. Kuna nati kubwa ya katikati, ile inayoshika habu, yaani kitovu cha gurudumu, na beringi zake. Mwaka wangu wa kwanza niliikaza kwa nguvu zangu zote nikidhani namfurahisha mwenye lori. Alikuwa dereva wa Zambia anayeelekea Dar. Alifika Mlowo habu ikawa inafuka moshi, akarudi kwa basi na hasira zake. Shabani hakunitetea. Alinisimamisha mbele ya wateja wote nimwombe radhi kwa Kibemba, "Njeleleniko mukwai," na nilipoisema chinichini akaniambia nirudie mpaka mama muuza uji wa ng'ambo ya barabara aisikie. Ndipo akanionyesha: kaza huku unazungusha tairi kwa mkono mwingine, ukisikia limekuwa zito, legeza kidogo. Tundu la pini inayofungia nati lisipokutana na la ekseli, rudisha nyuma ulitafute, usisonge mbele. Kisha weka pini mpya. Msumari si pini, hata ukiukunja vizuri namna gani.

Basi huyo ndiye aliyenilea. Alipofariki nikairithi gereji, nikairithi na sheria yake. Niliikariri mpaka mikono yangu ikawa haiulizi tena kichwa. Wenyewe mnasema mazoea yana taabu, mkidhani ni maneno ya kuchekesha.

Lusekelo alikuwa mkulima wa viazi huko Ibaba, milimani Ileje. Alianza kuja kwangu akitafuta vyuma kwenye lundo lililokuwa nyuma ya gereji. Leo kipande cha springi, mwezi ujao pampu ya breki, anabeba kwenye mfuko wa salfeti anapanda nao basi. Nilimuuliza anajenga nini, akasema gari. Nikacheka. Hakukasirika, alitoa daftari la shule la kurasa mia akanionyesha. Mle ndani palikuwa na michoro ya penseli, vipimo vya kila chuma, na hesabu za uzito wa magunia ukiwa kwenye mteremko. Mtu wa darasa la saba. Ekseli ya mbele na ya nyuma alizichukua kwangu, kutoka kwenye lori dogo la zamani, na habu zake, na nati zake zenye nyuzi za kushoto upande mmoja.

Ilimchukua miaka minne. Siku alipolileta, nusu ya Tunduma ilisimama kutazama. Lilikuwa na injini ya pikapu, bodi ya mbao, taa mbili zisizofanana, na halikuwa na rivasi, kwa sababu gia hiyo ilikuwa imekufa tangu alipoinunua. Mtu mwenye gari lisilo na rivasi hupanga kutoka kabla ya kuingia. Kwa hiyo Lusekelo hakuingia kwa lango la barabarani kama wengine. Alizunguka mtaa wa nyuma, akaingilia lango la chini, ili akimaliza aende mbele tu mpaka kwao. Akasimama katikati ya uwanja wangu, pua imetazama Mbeya.

Hilo ndilo la kwanza. Nililiona kwa macho na sikuliona.

"Kaka fundi," akaniambia, "nati nimezifunga mwenyewe. Nakuomba tu uzihakiki kabla sijapandisha mlima."

Nilizitazama, na hapa nataka niseme ukweli wote: sijawahi kuona nati zilizofungwa vizuri namna ile. Uso wa habu alikuwa ameusugua kwa msasa mpaka unang'aa, hakuacha rangi pale rimu inapolalia. Wengi wanaojiundia magari hupenda rangi, wanapaka kila mahali, halafu rangi inasagika chini ya nati na nati inalegea yenyewe. Yeye alilijua hilo. Upande uliochongoka wa kila nati ulikuwa umetazama rimu. Stadi zilikuwa zimejaza nati mpaka mwisho, hazikuwa na grisi. Akaniambia alikaza kwa msalaba, ya juu kisha ya chini, gari likiwa kwenye jeki, kisha akalishusha akakaza tena, na alipofika Mpemba alisimama akakaza mara ya tatu. Na juu ya kila nati alikuwa amechora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye rimu, ili nati ikisogea hata kidogo mstari uachane na mwenzake.

Nilipaswa kumwambia, nenda salama. Lakini nilikuwa nimechoka, malori matatu yananisubiri, na watu wamejaa wanatazama, na fundi mkuu hawezi kuonekana amesimama tu mbele ya kazi ya mkulima. Nikachukua spana ya tairi na bomba la kuongezea nguvu. Nikaanza na gurudumu la mbele kushoto. Mpini juu, nikausukuma kwa uzito wangu wote. Kwa Zambia.

Nati ikalia, ikasogea kidogo. Nikaisikia imesogea, nikatoa spana, nikahamia inayofuata. Mnajua kwamba nati inayokubali kukaza na nati inayoachia hulia sauti moja. Zote za gurudumu lile zilisogea, na chache za magurudumu mengine.

Lusekelo alichuchumaa, akatazama. "Kaka fundi," akasema, "mistari imeachana."

"Ndiyo maana yake. Ulikuwa hujakaza."

Akainama zaidi. "Lakini naona kama zimerudi nyuma."

Mbele ya watu wote wale nikamwambia, "Lusekelo, mimi nimekaza nati kabla wewe hujajua tairi ni nini. Usinifundishe kazi."

Watu wakacheka. Yeye akasema, "Samahani, kaka." Akachukua brashi yake, akafuta mistari ya zamani kwa kitambaa, akachora mipya mahali nilipoziacha mimi. Alipomaliza akanishukuru. Nilimpungia mkono akitoka.

Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kufika kwao. Alikuwa peke yake na magunia ya mbolea. Gari likaingia korongoni, mguu wake ukavunjika mahali pawili.

Nilifika kesho yake. Watu walikuwa wamejaa ukingoni kama kwenye msiba, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ananisubiri mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Nikashuka korongoni. Stadi zote za gurudumu lile zilikuwa nzima, nyuzi zake safi. Chuma kikikatika huacha kidonda, na pale hapakuwa na kidonda. Nati zilikuwa zimejifungua zenyewe zikaondoka moja moja. Nikaenda gurudumu la nyuma, nikashika nati, ikazunguka kwa vidole. Pembeni ya mstari mpya wa rangi kulikuwa na alama hafifu ya ule wa zamani, kitambaa hakikuwa kimeutoa wote. Ule wa zamani ulikuwa mbele. Nati ilikuwa imerudi nyuma, kama alivyosema.

Nikakumbuka gari lile halina rivasi, na kwamba lilikuwa limetazama Mbeya, Zambia ikiwa nyuma yake.

"Fundi," mwenyekiti akaniuliza kutoka juu, "tatizo lilikuwa nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Shabani alikuwa amenifundisha kusema, tena kwa sauti. Lakini juu ya ukingo ule kulikuwa na watu wenye mashine za kusaga na pikapu zao, wateja wangu wote, na nikaona gereji yangu ikifungwa. Nikasema, "Vyuma vya kuokoteza havielewani. Gari haliundwi kijijini."

Wakatikisa vichwa. Mama mmoja akasema, "Tulimwambia."

Lusekelo alikaa hospitali wiki nyingi. Aliporudi anachechemea, alikuta hukumu imeshatolewa. Aliuza injini. Daftari lake nilisikia alilichoma. Na watu wa Ibaba, ambao kwa utani hawana huruma, wakapata neno jipya. Kitu chochote kilichotengenezwa ovyo kikawa "ya Lusekelo". Mpini wa jembe ukikatika, ya Lusekelo. Mlango ukining'inia, ya Lusekelo. Neno likashuka mlimani likafika Isongole, likafika Mpemba. Watu walilisema bila kujua Lusekelo ni mtu, tena yu hai.

Nilikaa na jambo hilo miaka tisa. Nilifanya kazi vizuri, niliwafundisha baadhi yenu, niliifuta sheria ya Shabani nikawaambia mwangalie nyuzi zenyewe kwa macho, na kila mkiniuliza kwa nini nilisema ni mambo ya kisasa. Mwongo mimi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi sikuzaa chochote miaka ile zaidi ya shinikizo la damu.

Nilipostaafu, siku moja nilikuwa nanunua dagaa sokoni. Mkono wa ndoo ya muuzaji ukang'oka, dagaa wakamwagika, akacheka akasema, "Si nilijua hii ndoo ni ya Lusekelo." Alikuwa mgeni hapa, ametokea Kigoma. Nilirudi nyumbani bila dagaa, nikamwambia mke wangu kila kitu. Akasema, "Kesho kuna basi la asubuhi."

Ili kufika kwa Lusekelo inabidi uvuke mfereji, na daraja la mfereji ule ni chasisi ya lile gari, amelaza mbao juu yake. Nikavuka. Nilimkuta ndani ya nyumba anachambua mbegu za viazi, amekalia gunia, mguu mmoja ameunyoosha. Tukasalimiana, mkewe akaleta chai. Nikashindwa kuinywa. Nikamwambia, tangu lango la chini, tangu pua ya gari, mpaka maneno niliyoyasema ukingoni.

Aliendelea kuchambua viazi, kisha akaacha.

"Kwa hiyo hesabu zangu zilikuwa sawa," akasema.

"Zilikuwa sawa."

"Niliziona zikirudi nyuma, kaka fundi. Niliziona kwa macho yangu haya. Nikasema, fundi mkubwa hawezi kukosea, basi nina kasoro machoni." Akafuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Mguu ni ajali, mguu unapona. Lakini mimi miaka tisa sijajenga hata banda la kuku. Nikishika nyundo najiuliza kama naona vizuri. Mke wangu anaita fundi kuja kutundika rafu."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, na kwa magoti yangu haya si jambo dogo.

"Inuka," akasema. "Humu ndani nani anakusikia? Uliyasema mbele ya watu. Kayaseme mbele ya watu."

Nililala kwao nikasubiri Jumapili. Watu walipotoka kanisani, mwenyekiti, yule yule, akawazuia uwanjani, akaniita mbele. Nikasema. Mwanzo nilisema chinichini, mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti kwamba hasikii, nikarudia. Nikaeleza nyuzi za kushoto, nikaeleza Zambia na Mbeya, nikasema gari lile lilikuwa zima na aliyelifungua ni mimi, na aliyedanganya ni mimi. Lusekelo alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, ananitazama mdomo.

Kisha bibi mmoja, mwembamba, aliyevaa kitenge cha kwaya, akauliza kwa dhati kabisa, "Sasa vitu vyetu vikivunjika tutaviitaje?"

Mtu akacheka kidogo, akajizuia. Lusekelo ndiye aliyejibu. "Mwulizeni yeye," akasema. "Mwulizeni anaitwa nani."

Nikawatajia jina langu. Silwimba.

Akanisindikiza mpaka barabarani, hatua zake fupi, zangu fupi, wazee wawili. Kabla ya kupanda pikipiki nikamuuliza kama amenisamehe. "Nimekusikia, kaka fundi," akasema. "Kusamehe ni kazi nyingine, na yenyewe sijaianza."

Tangu hapo nasikia amejenga banda la kuku, na sasa anaunda mkokoteni wenye breki. Kwangu hajapiga simu. Na juzi mmoja wenu, sitamtaja, alirudi kutoka Ileje akanijia kwa aibu, anazungukazunguka maneno, mwisho akasema kule kitu kikivunjika siku hizi wanasema ni ya Silwimba, na kwamba yeye aliwakatalia, karibu wapigane.

Nashukuru kwa heshima yako, mwanangu. Lakini mkilisikia tena neno hilo, msinitetee.